Spea Iliyochoka Ina Maneno

Fundi mzuri wa pikapu hana haraka ya kutupa. Akifungua tairi la mbele, anavilaza vitu juu ya gunia kwa mpangilio uleule vilivyotoka: nati, washa yake, beringi ya nje, habu, beringi ya ndani, sili. Mteja aliyezoea gereji za leta spea, funga, lipa, atadhani anapotezewa muda. Kumbe ndipo kazi inapoanza. Spea mpya, hata ikiwa OG ndani ya boksi lake, haijui lolote kuhusu gari lako. Ile iliyochoka ndiyo iliyokaa humo miaka yote, ikabeba mzigo, ikala vumbi, ikaungua. Kabla haijaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, fundi anaihoji. Ufundi wa kuihoji ndio ninaotaka kuusifu, kwa sababu kukaza na kulegeza nati kijana yeyote mwenye mikono mizuri atajifunza upesi, lakini hili la kuhoji wapo wanaozeekea gereji bila kulipata.

Nitazungumzia Hilux, hasa zile za zamani za dizeli. Toyota ilianza kuiuza Hilux mwaka 1968, na huku kwetu imekuwa gari la mhandisi wa maji, la padri wa parokia ya mbali, la mnunuzi wa mahindi na la mkandarasi. Injini zake za ukoo wa L, kama 3L yenye cc 2,779 na 5L yenye cc 2,986, kwa kiasi kikubwa hazina kompyuta: pampu inazungushwa na mkanda, nozeli zinafunguka kwa msukumo wa dizeli yenyewe, basi. Hata namba yake ya chesisi inasomeka. Ukimwambia muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, kwamba gari lako ni LN106, ameshajua: L ni ukoo wa injini, N ni Hilux, na hizo tarakimu zinamwambia ni toleo lipi, la ekseli gani na springi gani. Anapokuuliza namba ya chesisi hakusumbui.

Tuanze na oili, maana ndiyo inayowaleta watu gereji. Wengi hubadilisha kila kilomita 5,000, na ni desturi nzuri kwa dizeli ya zamani kwenye vumbi letu. Inamwagwa injini ikiwa bado ya moto, ili uchafu utoke nayo badala ya kubaki umelala chini ya sampu. Sasa, oili ya dizeli huwa nyeusi. Huwa nyeusi mapema sana, pengine kabla hujarudi nyumbani kutoka gereji, kwa sababu masizi yanapenya kwenye ringi na oili imetengenezwa iyashike yasigande ndani ya injini. Fundi anayekutisha kwa weusi huo ama hajui, ama ana oili ya kuuza. Anayejua anatazama mambo mengine. Anaipikicha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, kuna nozeli inayovuja au pampu inayopitisha. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye silinda hedi na gasketi yake, mazungumzo ambayo hakuna mwenye gari anayeyapenda. Ikimeta vipunje vya rangi ya shaba, beringi za krenki zinalika.

Filta ya oili nayo haitupwi nzima. Nimemwona fundi mmoja akiipasua kwa tindo na koleo, taratibu, akizunguka ukingo wake. Msumeno wa chuma ulikuwa karibu na ungemrahisishia, lakini hakuugusa: msumeno unaacha unga wake wa chuma, na ukishauacha huwezi kujua tena ni chuma cha msumeno au cha injini. Akaikunjua karatasi ya ndani, akaikamua, akaitandaza juani. Haikuwa na kitu. Ndipo akachukua filta mpya, akapaka oili safi kwenye mpira wake, akaizungusha kwa mkono hadi mpira ukagusa, kisha robo tatu ya mzunguko tu, bila spana. Wanaokaza filta kwa nguvu zote wanamwachia taabu atakayekuja kuifungua, na mara nyingi ni wao wenyewe.

Filta ya dizeli ina kikoki kidogo chini yake. Kifungulie kwenye chupa inayopitisha mwanga, subiri, utaona maji yamejitenga na kukaa chini. Pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine, kwa hiyo kila tone la maji linalopita ni chuma kinachosuguana kikavu. Bei ya kufungua koki ni sifuri. Bei ya kutengeneza pampu waulize waliowahi kuilipa.

Kuna kazi ambayo gereji nyingi humpa kijana mdogo kuliko wote, nayo ni kupiga grisi. Ni kazi ya kulala chini ya gari, na haina heshima. Mimi naiweka juu. Krosi jointi ya propela shafti ina nipo moja na vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe mna sindano ndogo za chuma zinazozunguka. Ukisukuma grisi kwenye nipo inapaswa kusukuma ile kuukuu itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, kimoja kimeziba, na sindano zake zimeanza kufa kwa njaa hata kama shafti bado haijapiga kelele. Niliwahi kusikia mazungumzo haya, fundi kasimama, kijana yuko chini:

"Dogo, imetoka vingapi?"

"Vinne, fundi."

"Umeona au umedhani?"

Kimya. Kisha miguu ya kijana ikajivuta tena kuelekea nyuma ya gari.

Krosi iliyokufa ukiifungua hukuta unga mwekundu kama wa matofali ndani ya kikombe. Huo ni ushahidi wa ukame na mara nyingi wa maji: gari lilivuka mto au lilikaa kwenye tope la masika, na baadaye hakuna aliyekumbuka grisi. Kufunga krosi mpya bila kumwambia mwenye gari habari ya mto ni kumwandalia safari ya kurudi.

Lakini mfano ulionifanya niandike haya ni wa breki. Mnunuzi mmoja wa mahindi alikuwa analalamikia pedi za mbele. Zilikuwa zinaisha upesi kupita kiasi, na kila gereji aliyokwenda ilimfungia mpya, kila mara za bei kubwa zaidi, kwa maelezo kwamba zile za kwanza zilikuwa feki. Fundi aliyemwendea safari hii akazitoa pedi zote nne akazipanga juu ya boneti. Zilikuwa zimelika sawasawa, kushoto na kulia, ndani na nje. Kama pistoni ya kalipa ingekuwa imekwama kwa kutu, pedi moja ingebaki na nyama na mwenzake kufika kwenye chuma. Kwa hiyo kalipa hazikuwa na hatia. Uso wa pedi ulikuwa unang'aa kama kioo na una nyufa ndogondogo, na diski zimeingia rangi ya buluu. Huo ni moto. Breki za mbele zilikuwa zinafanya kazi ya gari zima.

Akaenda nyuma, akavua dramu. Breki shuu zilikuwa nene, karibu kama zilivyotoka dukani. Mtu mwingine angefurahi: afadhali nyuma hakuna gharama! Yeye akakunja uso, akainama kutazama springi. Zilikuwa zimeongezwa mabamba ili zibebe magunia zaidi, na nyuma ya gari imenyanyuka. Sasa, Hilux hizi zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, na kifimbo cha chuma kinachoiunganisha na ekseli hiyo. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, kifimbo kinasukuma, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza, magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Ukiongeza mabamba ya springi, bodi haishuki tena kama zamani. Vali inaamini gari ni tupu hata likiwa na magunia hadi juu ya kebini. Breki za nyuma zinalala, za mbele zinaungua, na kwenye mteremko mrefu mwenye gari anaanza kukanyaga kwa nguvu na kumwomba Mungu.

"Bosi," alimwambia, "springi uliziongezea mzigo. Breki hukuziongezea kitu."

Hakukuwa na spea ya kununua siku hiyo. Alikirekebisha kifimbo kulingana na kimo kipya, akarekebisha shuu za nyuma, akaendesha gari tupu na kisha lenye mzigo hadi akaridhika. Alimshauri pia mteja atoe yale mabamba. Mteja hakukubali, na hilo lilikuwa lake.

Haimaanishi kila spea ingojewe hadi ichoke ndipo ihojiwe. Mkanda wa taimingi ni kesi tofauti kabisa. Kwenye injini hizi huwa unabadilishwa kila kilomita 100,000, na baadhi ya dizeli za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilomita hizo zikitimia. Mkanda huu unaweza kuonekana mzima asubuhi na kukatika mchana, na ukikatika pistoni zinakutana na vali. Hapo fundi anatii kitabu bila kubishana. Na kama umenunua gari la mkononi na dashibodi yake huiamini, badilisha kwanza, maswali baadaye. Hata hivyo mkanda wa zamani una neno lake: ukitoka umelowa oili, sili ya kamshafti au ya krenki inavuja, na kufunga mkanda mpya bila kubadilisha sili na beringi ya kukazia ni kuchoma pesa.

Pesa inatupeleka sokoni. Gerezani na mitaa ya Kariakoo kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan: kote huko spea halisi, ya kuiga na ya mtumba zinakaa rafu moja, na nyingi za mtumba zimepitia Dubai au Sharjah. Namba ya spea ya Toyota ina tarakimu tano, kistari, kisha herufi au tarakimu nyingine tano, na zile tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 90915 ni filta ya oili, 04465 ni pedi za mbele, 04495 ni shuu za nyuma. Wanaoiga boksi huiga na namba, kwa hiyo namba peke yake haikulindi. Msimamo wangu ni huu: kalipa, ekseli, giaboksi, hata alternata, chukua ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani kabla ya mpya ya kuiga. Lakini mpira, mkanda, pedi, beringi na chochote kinacholika, nunua kipya na halisi au usisafiri. Na nenda na ile ya zamani mkononi. Iweke kaunta kando ya mpya, pima uzito, linganisha meno, hesabu mashimo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Pikapu za siku hizi zimekuja na mashine ya kupimia, na vijana wanaipenda. Sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba inataja sensa iliyolalamika, na mara nyingi aliyelalamika siye mwenye kosa. Mashine ikisema presha ya mafuta kwenye reli ni ndogo, anayebadilisha sensa amebahatisha. Anayefungua kwanza filta ya dizeli akaitazama rangi yake amefanya kazi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha mashine hizi, na vina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Ni jambo zuri. Ningependa katika mtihani huo mtahiniwa apewe beringi iliyoungua, bila gari, aambiwe aeleze imepatwa na nini.

Wewe mwenye pikapu una sehemu yako. Ukibadilishiwa kitu, omba ulichovuliwa, ni mali yako. Kishike, kisha muulize fundi: hii imekufa kwa nini? Akikujibu kwamba imezeeka tu, na ni mkanda uliomaliza kilomita zake, mlipe na umshukuru. Akikujibu hivyohivyo kuhusu beringi aliyoifunga yeye mwenyewe kabla ya Krismasi, tafuta gereji nyingine.