Sinema ya Mchezo wa Hadithi

Msomaji, bila shaka umepata kucheza vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wenzake hujibu, "Tega!" Wakishindwa kufumbua, mtegaji hudai mji. Hutajiwa Lamu akaukataa, hutajiwa Mombasa akaukubali. Na pale pale alipoketi mkekani huwa amekwisha safiri. Hueleza alivyofika, alivyopokewa na alivyokaribishwa chakula, ndipo atoapo jawabu. Mji huo si Mombasa ya mabasi na maofisi tuijuayo. Ni mji uliojengwa kwa maneno, nao hubomoka mara kitendawili kingine kitegwapo.

Nimeanza na mchezo huo kwa kuwa nataka kunena habari za jamaa yake wa mbali. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, na dadu iliyo mashuhuri kuliko zote ina nyuso 20. Mmoja katika wachezaji huwa msimulizi. Kila mmoja wa waliosalia huchukua nafsi ya mtu wa kubuni, awe shujaa, mchawi au mwizi, akasema atakalotenda. Na jambo likiwa la shaka, dadu hutupwa. Msimulizi ajua pango liko wapi na joka limelala wapi. Hajui wenzake watafanya nini, na dadu haijui kitu.

Je, mchezo wa namna hii waweza kugeuzwa sinema? Filamu ya kwanza ya jina hilo ilitoka mwaka 2000. Majoka yalikuwamo makundi kwa makundi, minara ilikuwamo, uchawi ulikuwamo, mchezo haukuwamo. Watengenezaji walichukua mapambo ya meza, meza yenyewe wakaiacha. Filamu ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Jonathan Goldstein na John Francis Daley, ilifahamu zaidi. Mna ndani yake daraja la kale lililotegwa kwa hila nyingi. Mjuzi mmoja aanza kueleza kanuni za kulivuka, hatua kwa hatua, na kabla hajamaliza mwenziwe aweka mguu mahali pasipostahili, na daraja lote laporomoka. Mtu aliyepata kuongoza mchezo huo hucheka hapo kicheko cha uchungu, maana ndivyo kazi yake ya siku tatu ipoteavyo kwa mguu wa mchezaji mmoja.

Walakini hata filamu hiyo iliwaficha wachezaji. Twaona mashujaa, hatuwaoni walioketi wakawabuni. Nami nadhani uzuri wa mchezo umo katika kuviona vyote viwili kwa pamoja. Tusiseme haiwezekani. Katika The Princess Bride, filamu ya mwaka 1987, babu amsomea mjukuu wake mgonjwa, na mtoto humkatiza kila apendapo.

Sasa tuseme mimi na wewe tumepewa kamera, na fedha kidogo. Majoka hatuyawezi, wala hatuna haja nayo. Kusini mwa Malindi, mwendo wa kilomita kama 16, karibu na msitu wa Arabuko Sokoke, pana magofu ya Gede: misikiti, jumba la mfalme, visima virefu, na kuta za matumbawe zilizokumbatiwa na mizizi ya miti. James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyumba zake zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Sanduku la Pembe, iko Nyumba ya Taa ya Chuma. Ni msimulizi gani angebuni majina bora kuliko hayo? Tena mji ulihamwa katika karne ya 17, na sababu yake ingali ikibishaniwa. Wako wanaotaja vita, wako wanaotaja maji ya visima kuzama. Hadithi isiyo na mwisho uliokubaliwa ndiyo imfaayo mchezaji.

Basi sinema yetu ianze uani, katika nyumba moja ya Malindi, usiku ambao umeme umekatika. Nyanya ameketi mkekani na wajukuu wanne, taa ya mafuta katikati. Badala ya dadu wana simbi za pwani: ikianguka kinywa juu ni heri, kinywa chini ni shari. Nyanya asema, "Mko mlangoni mwa Gede, na jua limekuchwa." Hapo ndipo tuyaone magofu.

Lipo tatizo ambalo limewashinda wengi. Nikikutajia zimwi, wewe waona lako nami naona langu. Sinema ikituonyesha moja, mengine yote yamekufa, na hiyo ni hasara kubwa. Kwa ajili yake wako wasomaji wanaochukia kila filamu iliyotokana na kitabu wakipendacho. Dawa yake ni kuwaacha watoto wabishane. Mtoto wa mvuvi alione zimwi lina magamba. Ndugu yake aliyelelewa kwa wachunga mbuzi aseme lina pembe, na pembe zimee mbele ya macho yetu. Mdogo wao alipe meno ya mbwa wa jirani. Lisitulie hata mwisho.

Tena lazima pawe na hasara ya kweli. Katika sinema nyingi tunajua tangu mwanzo kwamba shujaa ataokoka, lakini mezani dadu haimjui shujaa. Kwa hiyo yule mdogo, mwenye pupa kuliko wote, aingie peke yake katika Nyumba ya Mkasi. Simbi itupwe, ianguke kinywa chini. Amekufa. Alie, adai itupwe tena, na nyanya akatae. Mwongozaji mwoga angemfufua. Sisi tusimfufue, na kamera isimwache. Akae mkekani akisikia wenzake wakiendelea katika mji asioweza tena kuuingia. Ajaribu kuwanong'oneza njia, akatazwe, kwa maana wafu hawasemi.

"Basi mwanangu," nyanya amwambie, "wewe shika taa."

Aishike, na ainyanyue juu kidogo. Na huko Gede, gizani, wale watatu waone mwanga ukipanda ukutani mwa nyumba tupu, wasijue watoka wapi.