Miezi Mitatu Bila Jina

Riwaya ya Roseanna, iliyotoka Sweden mwaka 1965, inaanza na mashine inayozoa tope kwenye Mfereji wa Göta, penye milango ya maji ya Borenshult karibu na mji wa Motala. Ni mwezi Julai. Ndoo inainuka, na ndani ya tope umo mwili wa mwanamke. Hana nguo wala kitambulisho, na hakuna aliyeripoti kupotelewa naye.

Waandishi wake, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliandika usiku, watoto wakishalala, kila mmoja na sura yake. Mwandishi mwenye pupa angetupa kidokezo mapema. Wao waliacha wiki zipite. Mpelelezi Martin Beck anatoka Stockholm, anahoji, anarudi mikono mitupu. Anafungua jalada lilelile na kusoma upya maelezo ambayo ameshayasoma. Sura hizi nazipenda kuliko zote: msomaji anachoka pamoja na polisi, na uchovu huo umepimwa kwa makini. Miezi mitatu inapita ndipo ujumbe unafika kutoka Lincoln, Nebraska, na marehemu anapata jina: Roseanna McGraw.

Sasa kazi inageuka kuwa ya kuchambua, kama mtu achambuaye mchele. Roseanna alikuwa abiria wa meli ya Diana. Melini walikuwamo watu 85, na wengi wameshatawanyika duniani. Polisi wanawaomba watalii picha walizopiga safarini. Picha zinapofika, kila moja inatafutiwa mahali na saa yake: nani kasimama wapi, nani yuko nyuma yake. Inafika na filamu ya mtalii mmoja. Beck, aliyemjua Roseanna kwa maiti tu, anamwona akitembea juu ya sitaha, yu hai, na mwanamume yuko karibu naye. Waandishi hawapambi tukio hilo kwa neno hata moja la kutia huruma, na kwa hiyo linaumiza.

Mahojiano yaliyofanywa Marekani na watu waliomjua Roseanna yameandikwa kwa mtindo wa swali na jibu, kama yalivyo kwenye faili. Hapo ndipo ninapoona pia upungufu. Tunamjua Roseanna kwa vinywa vya wengine, hasa mpenzi wake wa zamani, na maswali mengi yanahusu kitanda chake kuliko kazi yake au mawazo yake.

Mwisho nao una ufa. Ushahidi dhidi ya yule mwanamume wa kwenye filamu hautoshi, kwa hiyo askari mwanamke, Sonja Hansson, anafanywa chambo. Siku za kusubiri simu ilie zimeandikwa kwa subira ileile ya mwanzo. Lakini mtego unapofyatuka, wenzake wanachelewa kidogo tu, na kitabu kilichokataa bahati kwa kurasa zote hizo kinaiazima saa ya mwisho. Sonja nusura auawe. Natamani waandishi wangekaa naye asubuhi iliyofuata, kwa utulivu uleule waliokaa nao juu ya zile picha.