Kauli na Njeo za Wokovu: "Nimeokoka", "Mlokole", "Hajaokoka"

Imezoeleka kudaiwa kwamba mlokole asemaye "nimeokoka" hujitukuza, kwa kuwa hamtaji aliyemwokoa. Kisarufi, shutuma hiyo haina mashiko. Kauli ya kutendeka haimkani mtenda. Humwacha nje ya sentensi tu. Wala si walokole walioibuni. Katika Marko 16:16, tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 humpa aaminiye kitenzi "ataokoka", na asiyeamini "atahukumiwa", ilhali Kigiriki kina kauli ya kutendwa pande zote mbili. Kwa Kiswahili, basi, hukumu ina mtoaji anayehisika, bali wokovu humfikia mtu kama tunda liivalo. Ajabu ni kwamba Waefeso 2:8, ndani ya tafsiri hiyohiyo, ina "mmeokolewa".

Jina lenyewe huwatetea wanaolaumiwa. "Mlokole" liliingia kutoka Kiganda pamoja na uamsho uliotokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Lina kiishio -e kilekile cha "mtume" na "mteule", yaani cha atendwaye: aliyetumwa, aliyeteuliwa, aliyeokolewa. Hata /l/ yake ya pili, iliyodondoka katika "okoa", imeacha alama katika /z/ ya "Mwokozi". Mtenda anayesemekana kusahauliwa yumo ndani ya neno.

Penye mgogoro wa kweli ni njeo. Mathayo 24:13, inayohusu mwisho, huweka kuokoka mbele, kwa -ta-, tena kwa sharti la kuvumilia. Mlokole hutumia -me-, na kiambishi hicho kikiungana na kitenzi cha hali, kama katika "amelala" au "amesimama", hutaja hali iliyopo kuliko tukio lililopita. Asemaye "nimeokoka" huleta leo tamko linalotazamiwa Siku ya Hukumu. Hapo ndipo wapinzani wake wangeelekeza hoja, ingawa nao wangekuta kwamba -me- haiahidi umilele: aliyelala huamka, na aliyesimama huweza kuanguka.

Ukanushi wake umechunguzwa kwa haraka mno. Jirani asiye mlokole husemwa kuwa "hajaokoka", si "hakuokoka". Hili la pili ni la abiria wa chombo kilichozama. Kwa -ja- mlango ungali wazi. Hata hivyo, jirani huyo, akilisikia neno hilo kila Jumapili, huenda asihisi mlango hata kidogo, bali saa zinazohesabiwa.