Pongezi kwa Mafundi wa Land Rover za Zamani Bomet

Miongoni mwa mafundi wa jua kali wa Bomet, wanaostahili pongezi za pekee ni wale wanaozitunza Land Rover za zamani za petroli, kwa kuwa hitilafu ya moto wa plagi inayokuja na kutoweka huwashinda wengi waliozoea kusomewa kasoro na kompyuta. Katika magari hayo, koili huugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa maelfu ya volti kila mara pointi, yaani vidomo viwili vya chuma vilivyomo ndani ya distribyuta, zinapoachana. Na kondensa, kikopo kidogo kinachofyonza umeme wa ziada, huzikinga zisiungue.

Fundi hodari habadilishi pointi zilizoungua akaridhika, kwani anajua kwamba kondensa mbovu itaziunguza mpya vilevile. Huzisugua kwa msasa laini, hupima mwanya kwa geji hadi ufike kati ya milimita 0.35 na 0.40, kisha huigeukia kondensa yenyewe. Gari likizima baada ya mwendo na kuwaka likipoa, hushuku koili. Likigoma asubuhi ya ukungu, ambayo katika nyanda hizi za chai si haba, hufungua kifuniko cha distribyuta, hufuta unyevu kwa kitambaa kikavu, na hutafuta ufa mwembamba mweusi unaovujisha umeme. Subira hiyo ya kufuata chanzo badala ya kuuza vipuri ni elimu kamili isiyo na cheti, na vyuo vya ufundi vingefanya vyema kuwaalika wenye nayo wafundishe.