Pini haikukosewa

Tupa haikupaswa kutoka kwenye boksi la vifaa. Waliokuwa uani pale Isikizya Jumamosi ile waliiona kazi nzima, tangu buti lilipofunguliwa hadi indiketa ya kulia ilipowaka tena, na wengi waliondoka wakisifu. Taa iliwaka, kweli. Iliwaka nyeupe.

Sifa anayostahili mwenye gari apewe, na apewe upesi. Aliisikia flasha ikigonga haraka upande wa kulia, akajua palepale kwamba globu moja imeungua. Akawasha hazadi, akalizunguka gari, akaikuta ni ya nyuma. Nati mbili kwa spana namba 10, taa ikatoka bila klipu kuvunjika. Kutu ya kijani ndani ya holda ikaondolewa kwa msasa. Kazi safi.

Kisha akachukua globu mpya, akaisukuma ndani ya holda, akaizungusha. Ikagoma.

Globu iliyogoma ni ile inayoandikwa P21W: volti 12, wati 21, kitako cha milimita 15, kioo cheupe. Pini zake mbili zinatazamana sawasawa, digrii 180. Iliyotolewa ilikuwa PY21W. Volti ni zilezile, wati ni zilezile, kitako ni kilekile, ila kioo chake kina rangi ya chungwa na pini zake zimeachana digrii 150. Ukiziweka zote mbili kiganjani, tofauti ya pini huioni mpaka uitafute. Kijana mmoja aliyechuchumaa karibu na gurudumu aliitafuta, akaiona, akasema kwa adabu kwamba pini moja imekaa upande. Akajibiwa kuwa itakaa tu.

Ndipo tupa ikatoka.

Wanaotetea uamuzi ule wanasema kiwanda kilikosea kidogo na fundi amerekebisha. Zile digrii 30 si kosa la kiwanda hata kidogo. Taa ya gari lile, kama walivyoona wote, ina kioo cheupe kwa nje, kwa hiyo rangi yote ya indiketa inatoka kwenye globu. Waliolitengeneza walijua kwamba siku moja, mbali na duka lolote, mtu atakuwa na globu nyeupe mkononi na ya rangi hana. Wakauziba mlango kwa chuma. Mpangilio huohuo umo kwenye globu za Kijapani zisizo na pini, zile za kuchomeka: ya rangi ya chungwa ina kitako tofauti na nyeupe, na plastiki yake nayo hukatwa kwa wembe kila siku na watu wanaoamini wamekutana na kasoro. Kugoma kule ndiyo maelezo ya matumizi, tena yasiyohitaji mtu kujua Kiingereza wala Kijapani.

Tuseme rangi haina maana, kwa ajili ya ubishi tu. Bado kazi ni mbovu. Chini ya holda kuna springi inayoisukuma globu juu muda wote, na pini mbili ndizo zinazoizuia. Pini moja ikisagwa, upande mmoja unashikwa na mwingine unanyanyuka, globu inakaa kombo. Ncha ya risasi kwenye kitako inagusa kwa ukingo badala ya kugusa kwa uso wote. Waya mwembamba unaowaka ndani unahama mahali pake mbele ya sahani ya kuakisi, mwanga unatawanyika. Lami ya barabara ya Nzega itaivumilia globu ya namna hiyo kwa muda. Njia za vumbi zenye mawimbi, zinazoingia vijijini Uyui, zitaitikisa mpaka ianze kuwaka inapotaka. Na tupa ilipigwa juu ya holda iliyoachwa wazi, unga wa chuma ukidondokea palepale ambapo chanya na hasi vinakaribiana. Fyuzi ikikatika wiki ijayo, asilaumiwe mtu wa umeme.

Lakini rangi ina maana. Nyeupe nyuma ya gari inasema jambo moja: gari linarudi nyuma. Anayelifuata gari lile usiku ataona mwanga mweupe unaowaka na kuzimika upande wa kulia, na atatumia sekunde ambazo hana kuuliza kama mwenzake anakata kona, anarudi, au ana waya unaopiga shoti. Katika barabara hiyo ya Nzega, indiketa ya nyuma ni zaidi ya kukata kona. Dereva wa lori humwashia ya kulia aliye nyuma yake kumwambia atulie, mbele kuna gari. Humwashia ya kushoto kumwambia apite. Madereva wameijenga lugha hiyo wenyewe. Indiketa ya kulia ndiyo neno lake zito kuliko yote, na ndiyo iliyopigwa tupa.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka indiketa ya nyuma iwe ya rangi ya chungwa na iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Marekani inaruhusu nyekundu pia, na ubishi wao ni wa miaka mingi. Mwaka 2009 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba rangi ya chungwa inapunguza kwa asilimia 5.3 uwezekano wa gari kugongwa nyuma likiwa linakata kona, linabadili njia au linafanya jambo jingine linalotakiwa kuonyeshwa kwa indiketa. Ubishi wote huo ni wa chungwa na nyekundu. Nyeupe haikualikwa.

Mtetezi wa mwisho atasema duka halikuwa karibu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, siku moja kabla ya tupa: globu mpya ilinunuliwa Tabora mjini huku ile iliyoungua ikiwa bado ndani ya gari. Mafundi wa zamani hawakwenda duka la spea mikono mitupu. Kilichoungua kilitiwa mfukoni, kikawekwa kaunta kando ya kipya, vikalinganishwa kitako kwa kitako. Aliyesahau alirudi mjini.

Inafaa kushukuru, hata hivyo, kwamba haikuwa LED. Safu hii imeshachoka kulisema hili. Globu ya LED inakula wati chache tu, na flasha iliyozoea wati 21 inaona mkondo umepungua, inaamini globu imeungua, inaanza kugonga mbio. Muuzaji anakuuzia dawa: rezista ya omu 6, wati 50, ifungwe sambamba na taa. Gari likiwa linanguruma, volti 13.8, rezista hiyo inapitisha karibu ampea 2.3 na kugeuza wati 32 kuwa joto kila indiketa inapowaka. Mtu amenunua taa isiyokula umeme, kisha akanunua kopo la kuula ule uliookolewa, na mara nyingi kopo lenyewe linafungwa kwenye plastiki ya buti badala ya bodi ya chuma, linaibabua.

Land Rover Series III haikuwa na drama hizi. Taa zake za nyuma zilikuwa za duara, kila moja na kazi yake, indiketa peke yake. Skrubu mbili kwa nje, kioo cha rangi ya chungwa kinatoka mkononi, ndani yake kuna globu nyeupe ya wati 21 yenye pini zilizotazamana. Rangi ilikaa kwenye kioo, kwa hiyo ile globu iliyonunuliwa Tabora ingeingia bila kuguswa na mtu yeyote, na ingewaka rangi inayotakiwa. Hakuna kufungua buti, hakuna klipu za kuogopa. Walioziondoa taa hizo kwa ajili ya urembo wa kioo cheupe wana deni lao pia, ingawa angalau walikumbuka kusogeza pini.

Na kabla ya Land Rover, njia hizihizi zilikuwa na watu walioliheshimu jambo la kumwambia aliye nyuma. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuwa wamezoea kumwona kirangozi mbele ya msafara na bendera yake. Akifika njia panda, kirangozi aliiziba njia isiyo yao kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili mpagazi aliyechelewa na mzigo wake asipotee. Tawi lilikuwa na maana moja kwa kila aliyelikuta.

Pale Isikizya kazi ya tupa ilikuwa ndefu, kwa sababu pini ya globu ni ndogo lakini ni ngumu, na aliyeishika hakutaka kuvunja kioo. Wakati inasagwa, Hiace mbili za kwenda Tabora zilipita barabarani. Ya pili ilisimama kabisa kupakia abiria, indiketa yake ya kushoto ikiwaka rangi ya chungwa, ikasubiri, ikaondoka.