Umri wa Mbu Husomwa Kwenye Mirija ya Mayai

Juni ikiingia, Mbeya na Iringa watu hujikunyata kwenye makoti, na vimelea vya malaria navyo hukawia. Kwenye nyuzi joto 25, Plasmodium falciparum hukomaa ndani ya mbu kwa siku kama 12. Kwenye nyuzi 20 huhitaji kama 28. Kufikia hapo jike anaweza kuwa ametaga mara tano au sita. Kwa hiyo wingi wa mbu ndani ya nyumba ya Ipogolo, Iringa, haunielezi mengi. Nataka kujua kuna vikongwe wangapi, walioishi muda wa kutosha kukomaza vimelea.

Ili kuusoma umri huo, mpasuaji humlaza mbu kwenye kioo, huvuta pingili za mwisho za tumbo kwa sindano, na ovari mbili nyeupe huteleza ndani ya tone la maji. Huziacha zikauke. Chini ya hadubini, jike ambaye hajataga huonyesha vijirija vya hewa vilivyojisokota kama uzi uliojifunga mafundo. Aliyewahi kutaga, vimenyooka: mayai yalipovimba yalivivuta, na havijikunji tena. Njia hii ya Detinova, mtafiti wa Kisovyeti, hujibu swali moja tu, kama jike amewahi kutaga au la, lakini hulijibu vizuri.

Mtafiti mwingine, Polovodova, alitaka zaidi: idadi ya mara jike alizotaga. Kila mlo wa damu hujaza kiini kwenye kifuko kimoja cha yai katika kila mrija wa ovari, na yai likishatoka hubaki kinundu. Kwa kuhesabu vinundu hivyo, Gillies na Wilkes walipanga umri wa mbu wa Muheza, Tanga, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1965.

Ugumu uko kwenye mayai yasiyofika. Damu ikiwa haba, baadhi ya vifuko huacha kukua, hunyauka, na seli zake hufyonzwa na mwili. Navyo huacha kinundu. Baadaye wapo watafiti waliodai kwamba vinundu vinavyohesabika hutokana na hivyo vilivyonyauka, na kwamba mrija uliotoa yai salama unaweza kubaki laini. Naliona dai hilo kuwa zito. Mirija miwili ya ovari moja inaweza kutoa hesabu mbili tofauti, na mrija mmoja uliopasuliwa haraka hauaminiki.

Nyanda za juu, ambako mbu wanaokamatwa wakati wa baridi ni wachache, ningeanza na vijirija vya hewa kwa kila jike, kisha nipasue mirija mingi kadiri mkono unavyoruhusu, na kuandika daftarini hesabu ya kila mmoja, hata ule usio na kinundu.