Kuusoma Mto Rufiji Kutoka Angani

Picha za satelaiti hufichua makazi ya kale kupitia mimea na unyevu. Msingi wa jengo uliofukiwa huinyima mizizi maji, na majani yaliyo juu yake hudhoofu; handaki la kale hutunza maji, na mimea hustawi. Tofauti hiyo huonekana katika mwanga wa infraredi, ambao jani lenye afya huuakisi kwa wingi.

Katika delta ya Rufiji mbinu hiyo pekee haitoshi. Bandari ya Rhapta, ambayo mwanajiografia wa kale Ptolemy aliiweka kando ya mto, hutafutwa huku, hasa tangu mwanaakiolojia Felix Chami alipochapisha mwaka 1999 habari za shanga za Kirumi kutoka Mkukutu. Lakini makazi ya zama za Rhapta yalijengwa kwa fito, udongo na makuti. Kilichosalia ni vigae, mavi ya chuma na shanga, ilhali pikseli moja ya satelaiti ya Sentinel-2 hufunika mita 10 kwa 10. Anayetafuta kuta kutoka angani hapa anapoteza muda. Cha kutafuta ni ardhi ambako watu wangeweza kukaa.

Kazi huanza na mto wenyewe. Kumbukumbu za satelaiti za Landsat, tangu 1972, zinaonyesha jinsi Rufiji inavyohama: maji mengi yameelekea matawi ya kaskazini, na mikondo ya zamani imejaa tope. Mikoko husaidia kuisoma. Mlilana hutangulia kwenye tope jipya la baharini, msikundazi hupenda upande wa maji baridi, na kila kundi huakisi mwanga kwa namna yake. Mstari wa mimea isiyofanana na jirani zake huweza kuwa mkondo uliokufa, na kingo zake zilizoinuka ndizo za kukaguliwa kwanza.

Ramani za miinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada Februari 2000, zinafaa zaidi kwenye vilima vya Kibiti. Ndani ya mikoko rada ile ilipima zaidi majani kuliko ardhi, hivyo kichaka kirefu huonekana kama kilima.

Baharini tahadhari iwe kubwa zaidi. Mwaka 2016 zilienea habari za mawe ya mraba chini ya maji karibu na kisiwa cha Mafia, yaliyodhaniwa kuwa Rhapta. Lakini mwamba wa ufukweni nao hupasuka vipande vya mraba bila mkono wa mtu.

Baada ya picha hufuata miguu: kuokota vigae mashambani, kuchimba mashimo ya majaribio, kisha kupima umri wa mkaa kwa kaboni.